Mnaajiri watu wa kufanya kazi nyumbani halafu mnawatelekeza siku ya kwanza!

Wakuu, hili la mwajiriwa mpya kukaa siku nne anaitazama kompyuta bila akaunti hata moja inayofunguka limezidi. Wiki ya tatu meneja analalamika kwamba "hajichanganyi na wenzake". Ajichanganye vipi na mlango mmeufunga wenyewe?

Kosa lenyewe linajulikana. Kompyuta imesajiliwa kwenye seva ya ofisi, ikatiwa kwenye boksi, ikatumwa. Mtu akiandika nywila kwa mara ya kwanza, mashine inataka kuihakiki kwa seva. Seva haifikiki mpaka VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) iwake, na VPN haiwaki mpaka mtu awe ameshaingia. Hapo mtumiaji hana la kufanya. Ni kazi ya IT (kitengo cha kompyuta) kuweka VPN inayounganika kabla ya kuingia, na kuijaribu kwa intaneti ya nje ya ofisi kabla boksi halijafungwa. Pacha wa kosa hilo ni namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye barua pepe ya kazi, ile ile isiyofunguka bila hiyo namba!

Mashine ifike siku 5 za kazi kabla ya siku ya kwanza. Zikibaki siku 2, mtu wa IT apige simu, wafungue pamoja akaunti moja baada ya nyingine.

Linaloudhi zaidi ni hili: siku ya kwanza vikao 6 vya video mfululizo, siku ya pili kimya. Ametajiwa majina 40, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa "maswali yake ni yako". Mpeni mwenyeji mmoja, asiwe bosi wake, maana nani atamuuliza bosi mara ya tatu faili liko wapi? Waongee dakika 15 kila siku kwa wiki 2, na mwenyeji apunguziwe kazi nyingine, la sivyo swali la saa tatu asubuhi litajibiwa saa kumi jioni.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza mgeni apewe kazi ndogo ya kweli ambayo kuna mtu anaisubiri. Kurekebisha mwongozo uliopitwa na wakati inafaa sana, kwani yeye ndiye aliyekwama hapo jana. Watu huzoeana kwa kupokezana kazi. Michezo ya Ijumaa mbele ya kamera, kati ya watu asiowajua, inamzidishia ugeni tu.

Na acheni kuulizana kila kitu faragha! Mgeni haoni kwamba hata wakongwe hukwama, basi naye ananyamaza. Maswali yaulizwe kwenye kundi la wote, meneja aanze yeye.