Kadi za QSL zimejaa mezani na daftari langu halilingani nazo, naomba ushauri

MwembeUjiji

Wakuu habari za wakati huu. Mimi ni fundi wa redio na injini za boti hapa Kigoma, nakaa Ujiji. Mwaka jana nilipata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu duniani kwa kujifurahisha, kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nikapewa alama yangu ya wito, yaani jina la kituo changu hewani, inayoanza na 5H3. Antena ni waya wa mita 10 tu, umekatwa katikati, mita 5 kila upande, nimeufunga kati ya mwembe na nguzo ya jiko. Kwa waya huo, kwenye bendi ya mita 20, nimeongea na Japani, Italia, Brazili, na kuna usiku mmoja Marekani ilikuwa inaingia kama mtu wa Kibirizi hapa jirani.

Sasa shida yangu. Hawa watu wanataka kadi. Kwa wasiojua, kadi ya QSL ni kama postikadi ambayo kila upande unamtumia mwenzake kuthibitisha kwamba kweli mliwasiliana. Sanduku langu la posta limepokea bahasha 61. Karibu zote zina kadi ya mhusika, bahasha ya kujibia yenye anwani yake, na dola mbili au tatu za stempu. Nne zilifika zimeshafunguliwa, kadi imo ila dola hazimo.

Nilipokaa kuzijibu nikakuta saa zao na saa zangu hazikutani kabisa. Mjapani ameandika tarehe 11 saa 22:40. Daftari langu linasema tarehe 11 saa 7:40 usiku. Alama yake ya wito ni ile ile, ripoti ya usikivu ni ile ile. Miezi minne ya mwanzo, mawasiliano 212, niliandika yote hivyo, kwa saa zetu za kawaida. Baadaye nilipata kompyuta na yenyewe inaandika saa za dunia, huko hakuna tatizo.

Nisaini kadi ambayo daftari langu mwenyewe halikubaliani nayo? Au nirekebishe daftari? Naona kama kughushi. Na dola za watu ziko kwenye kopo la chai, mke wangu ameniuliza mara mbili ni za nini. Sijalala vizuri kwa jambo hili.

DogoGungu

Mkuu hiyo ni hela yako, imeletwa na upepo. Enzi hizi nani anahitaji kadi ya karatasi? Weka vocha, endelea na maisha.

MwembeUjiji

Hapana ndugu yangu. Mtu ameniandikia kwa mkono kutoka Sapporo, akachora na ramani ndogo ya ziwa letu. Ile dola ameniwekea amana ya stempu. Nikiila nitaisikiaje sauti yake tena kwenye redio?

MzeeWaReli_Tabora

Kijana, salaam kutoka Tabora. Nimekuwa kwenye mambo ya Morse, nukta na vistari, tangu nikiwa kazini relini, na kosa lako nililifanya mimi kabla hujazaliwa. Tulia. Hujaghushi chochote, umeandika kweli kwa saa ya Kiswahili. Watu wa redio dunia nzima wamekubaliana kuandika UTC, hizo saa za dunia, ili Mjapani na Mbrazili wasigombane. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, halafu juu ya hapo tunahesabu saa kuanzia macheo. Ndiyo maana umepotea mara mbili.

Lakini kabla sijakupa hesabu nijibu jambo moja, maana hapa ndipo wengi wanaharibu: ukiwa redioni usiku, tarehe mpya ulikuwa unaiandika saa ngapi? Saa 6 usiku, au ukishaamka?

MwembeUjiji

Shikamoo mzee. Nikishaamka. Usiku wote niliuhesabu kuwa wa siku iliyotangulia.

MzeeWaReli_Tabora

Marahaba. Basi umepona kwa sehemu kubwa. Siku ya UTC kwetu inageuka saa 9 usiku. Chukua daftari:

Mchana, saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 3. Saa 4 asubuhi ni 07:00.
Usiku, saa 1 mpaka kabla ya saa 9, ongeza 15. Saa 7:40 yako ni 22:40, ndiyo ile ya Mjapani. Tarehe iache ilivyo.
Kuanzia saa 9 usiku mpaka alfajiri, toa 9, na tarehe isogeze mbele siku moja. Saa 10:15 usiku uliyoiandika tarehe 11 ni 01:15 tarehe 12.

Kuna kitu kimoja kilinifurahisha sana siku nilipokigundua. Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili, na saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na ya Kizungu kwa saa 6. Kwa hiyo ulipotamka "saa saba na dakika arobaini", saa ya ukutani kwa yule mwenzako wa Sapporo ilikuwa inaonyesha 7:40 hiyo hiyo, ila kwake kumekucha.

Usifute hata herufi. Piga mstari pembeni ya ukurasa, andika UTC kwa wino wa rangi nyingine, na mwanzoni mwa daftari eleza umefanya hesabu gani na lini. Aliyeandika kweli na kuifafanua hajaghushi.

Bibi_Stempu

Nimefanya kazi kaunta ya posta miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niongezee la bahasha. Usiandike alama ya wito nje, wala neno redio, na uwaombe wenzako wasiandike. Mkono mbaya ukishajifunza kwamba bahasha za namna hiyo zina dola, hazitafika. Andika jina na anwani tu, na kadi uikunjie karatasi nzito ili noti isionekane kwenye mwanga. Zile nne zilizofunguliwa, wajibu wahusika hivyo hivyo kama una mawasiliano yao daftarini. Kosa si lao.

Ukikuta karatasi ndogo kama hati badala ya dola, usiitupe. Ni kuponi ya kimataifa ya kujibia barua, ya Umoja wa Posta Duniani, unaibadilisha na stempu. Tarehe ya mwisho imechapwa juu yake, isikupite.

MtuWaMbali_DE

Mkuu, niko Ujerumani lakini nyumbani ni Kasulu. Unajua kwa nini wanakuandama? Kuna tuzo ya DXCC, inatolewa na ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani. Mtu lazima athibitishe mawasiliano na nchi au maeneo 100 ndipo aipate, na vituo vya 5H, yaani vya Tanzania, vinavyosikika ni vichache. Kigoma iko kwenye mraba wa ramani ya redio uitwao KI45, wapo wanaokusanya miraba hiyo vilevile. Kadi yako kwa mtu huyo ni ushahidi anaoupeleka kukaguliwa.

Ukishamaliza hesabu ya mzee, jiandikishe Logbook of The World, daftari la mtandaoni la kuthibitisha mawasiliano. Ilianzishwa na ARRL 2003, haina malipo kwako. Utawatumia nakala ya leseni na ya kitambulisho kingine, wakupe cheti cha kielektroniki, kisha unapandisha logi yako, yaani daftari lako, na kompyuta inalinganisha pande mbili. Saa zikipishana zaidi ya dakika 30 haikubali. Kwa hiyo USIPANDISHE zile 212 kabla hujazirekebisha, ukishapandisha huwezi kufuta.

Kazi ikizidi utatafuta meneja wa kadi, mtu wa nje anayejibu kwa niaba yako kutoka kwenye logi unayomtumia. Mimi kwa maoni yangu usikimbilie huko. Kadi yenye muhuri wa posta ya Kigoma ina ladha yake.

MwembeUjiji

Wazee wangu, wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Mke wangu alisoma daftari, mimi nikapiga hesabu. Kati ya 61, kadi 54 zimelingana mpaka dakika. Tano alama ya wito ilikuwa na herufi moja tofauti, na nne kati ya hizo ni za Morse: nilisikia S (nukta tatu) pale penye H (nukta nne). Saa, bendi na ripoti vyote vinaafikiana, hizo nimezisaini.

Mbili hazimo. Nimetafuta siku moja mbele, moja nyuma, saa tatu huku na huku. Hazimo. Mmoja wao ameandika kwa unyenyekevu sana kwamba amenisubiri miaka mingi kuipata Tanzania. Nimeumia, mzee. Nifanye nini?

MzeeWaReli_Tabora

Usisaini. Mwandikie kwa mkono, mwambie hayumo, mrudishie dola zake na umpe siku na saa utakayokuwa hewani amsubiri. Ukimpa kadi ya huruma, zile 59 nazo zinakuwa za huruma.

MwembeUjiji

Nimefanya hivyo leo asubuhi, barua zote mbili zimeondoka. Nimewaandikia Jumamosi na Jumapili, 14 MHz, ile bendi ya mita 20, kuanzia 16:00 UTC. Kadi nilichapisha hapa mjini, sentimita 9 kwa 14, mbele picha ya mwembe na ziwa nyuma yake. Kopo la chai sasa lina dola za stempu zilizobaki na karatasi ya hesabu, kila noti na jina la mwenyewe.

MzeeWaReli_Tabora

Vizuri. Na mimi sina kadi ya Kigoma. Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa mita 40, sauti, tafuta karibu na 7.090. Kutoka hapa mpaka kwako ni kama kilomita 350 angani, mchana itafika.

MwembeUjiji

Nitakuwepo mzee. Nimeshaandika: 07:00.