Tupeane uzoefu: chanzo chenu cha maji kiliharibikaje, na nini kilikirudisha? (Kigoma na Tabora)

Mchimba Mtaro (mleta uzi)
Wadau, mvua zinakaribia, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakuja nazo. Walio kwenye kamati za maji, mafundi, wafugaji, wakulima wa tumbaku, mwageni hapa. Vipimo viwekwe. Habari za "tutunze mazingira" waachieni wasoma risala.
Naanzisha na hili: chemchemi hupimwa mwezi wa nne kwa sababu fedha zimefika mwezi wa nne. Mwezi huo hata shimo la panya linatoa maji. Pimeni mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Kwa lita 25 kwa mtu, zile za sera ya maji ya 2002, zinatosha watu kama 1,700. Ila hesabu hiyo inasimama kama yale ya usiku yanaingia tangini. Yakimwagika bondeni, gawa kwa mbili.

Fundi Pembe
Umenitonesha kidonda. Chemchemi za milimani, huko Kasulu na Buhigwe, haziuawi na ukame kama zinavyouawa na sisi mafundi.
Kosa lenyewe ni bomba la kutolea kuwekwa juu kuliko jicho la chemchemi. Fundi anataka ndoo isimame vizuri bila kuchimba mahali pa kuchotea, kwa hiyo anainua bomba. Nyuma ya ukuta maji yanapanda sentimita 30, yanalisukuma jicho lirudi ndani. Maji hayabishani na mtu, yanatafuta njia nyingine. Dalili ya kwanza ni uzi wa maji, mwembamba kama wa kushonea, unaotambaa kwenye pembe ya ukuta na kuacha udongo mwekundu chini. Watu wanaupiga plasta. Mwaka unaofuata bomba ni kavu na maji yanatokea kwenye magimbi ya jirani, mita 15 chini.
Inavyotakiwa: chimba kufuata maji hadi tabaka gumu, uone yanatoka wapi hasa. Bomba liwe chini ya usawa wa jicho, halafu shusha mahali pa kuchotea hadi pabaki sentimita 45 au 50 kati ya bomba na sakafu. Mteremko ukikosekana, peleka koki mbali zaidi chini. Mbawa za ukuta ziingie ndani ya kingo, zisiishie usoni. Nyuma ya ukuta panga mawe yaliyooshwa ya ukubwa wa ngumi, kisha kokoto, juu yake udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa sentimita 20 hadi 30, halafu udongo wa kawaida na nyasi. Mfinyanzi ukiruka, mvua ya kwanza inashuka moja kwa moja kwenye mawe yako, na kinyesi cha juu kote kinaingia nayo.
Bomba la maji ya ziada lazima liwepo, mdomoni lina wavu. Bila wavu chura anaweka makazi.
Mfereji wa kukinga maji ya mvua uchimbwe kama mwezi mwandamo, mita 8 hadi 10 juu ya jicho, kina sentimita 50, udongo utupwe upande wa chini uwe tuta. Unajaa kila mwaka. Usiposafishwa mwezi wa kumi ni kama haupo.

Binti Gungu
Hapo kwenye bomba kuwa juu ya jicho umemaliza, fundi.

Wakili wa Kijiweni
Msisahau sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004: mita 60 toka ukingo wa mto, bwawa au ziwa, hakuna shughuli za kudumu za kibinadamu. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inaruhusu eneo la chanzo kutangazwa kuwa la hifadhi. Tatizo liko vijijini: faini zinatozwa kwa mdomo. Sheria ndogo ipite mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Pasipo hapo, mkifika mahakama ya mwanzo mnarudi na aibu.

Mzee wa Zizi
Mita 60, mita 60. Na ng'ombe wanywe wapi, mezani kwako?

Wakili wa Kijiweni
Mzee wangu, sheria sikuitunga mimi.

Fundi Pembe
Mzee ana hoja, msimcheke. Uzio bila birika ni kuni za mwezi mmoja. Ng'ombe wa kwetu anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku wakati wa joto. Mia mbili ni lita 8,000, chemchemi ya mleta uzi inaziweza bila jasho. Toa bomba la inchi moja na nusu kwenye maji ya ziada, lipeleke mita 100 chini ya chanzo, usilipeleke pembeni wala juu. Jenga birika la kina cha sentimita 40, uzunguke kwa mawe yaliyopangwa mita 2 kila upande. Bila mawe patakuwa tope na mifugo itarudi juu kutafuta pakavu. Kwenye lambo ni vivyo hivyo: bomba lipite chini ya tuta likiwa na koki, birika liwe nyuma ya tuta.

Mzee wa Zizi
Sasa hapo tunaongea.

Mwana Urambo
Mwangaluka, ndugu zangu. Mmesahau tumbaku. Kitalu kinataka maji kila siku, kwa hiyo kinawekwa pembeni ya mbuga (bonde linalotuama maji) au kando ya kisima kifupi, na sumu ya kitalu inaoshewa hapohapo. Kinachoua maji zaidi ni ile suuza ya bomba la mgongoni jioni, kuliko hata upuliziaji wenyewe. Bomba la lita 16: suuza mara tatu, kila mara lita 4, tikisa, kisha ipulizie pembezoni mwa shamba lilelile. Usiimwage mahali pamoja. Chupa tupu nazo suuza mara tatu, maji hayo yaingie kwenye bomba la kupulizia kabla hujalijaza, halafu toboa chupa kitako. Isiyotobolewa utaikuta sokoni ina mafuta ya taa, au mtoto kaibeba shuleni na maji ya kunywa. Na dumu la kuchotea kisimani lisiwe lile la kuchanganyia dawa. Linajulikana kwa ukungu mweupe shingoni.

Mama Ngazi
Huku Kigoma mchafuzi ni sisi wa mawese, tuseme ukweli. Maji ya kuchemshia ngazi (matunda ya mchikichi) yana mafuta na makapi. Yakiingia kijitoni yanaoza, yanamaliza hewa ya majini, samaki wanaelea. Mashimo matatu yanayofuatana yanatosha kwa mashine ndogo: la kwanza mafuta yanapanda juu unayaengua (ni sabuni hiyo, usiyatupe), la pili tope linatulia, la tatu maji yanazama ardhini. Bomba la kupitishia liwe limezama chini ya mafuta, la sivyo mafuta yanahama nayo. La tatu liwe mita 60 au zaidi toka kijito.

Bwana Miti
Zungushieni chanzo miti. Mikaratusi inakua haraka na nguzo unauza.

Kisukuti
Mikaratusi kwenye chanzo! Bwana wewe unataka nguzo au unataka maji?

Bwana Miti
Mbona ipo mahali na chemchemi inatiririka? Kila kitu mnasingizia mikaratusi.

Kisukuti
Juu ya mlima mbali na jicho, sawa. Ukiipanda kwenye unyevu mizizi inafuata maji mchana na usiku, na kiangazi ndipo inapokunywa zaidi. Panda mikuyu na mizambarau, nayo ikae mita 10 au zaidi toka kwenye ukuta. Karibu na ukuta ni nyasi tu, maana hata mkuyu mtakatifu unapasua zege na kuziba bomba kwa mizizi kama nywele.

Fundi Pembe
Hapo mnasema kitu kimoja ila hamsikilizani.

Mlinzi wa Tangi
Hayo yote mmelinda chanzo. Tangi je? Nywele mmetaja, mmenikumbusha ngedere.
Tangi la zege, lita 50,000, kilimani. Mfuniko wa chuma umeibwa na watu wa vyuma chakavu, pakawekwa bati na jiwe. Kiangazi ngedere wanatafuta maji, bati likasogea, mmoja akatumbukia. Kuta za ndani ni laini, hatoki. Bomba la mwisho ndilo lililoanza kulalamika: maji yana povu na harufu ya ngozi mbichi. Watu wakasema ni dawa. Siku ya sita ikafunguliwa mita ya kioski cha kwanza, kwenye chujio dogo la ndani pakakutwa kishungi cha manyoya ya kijivu.

Binti Gungu
Yesu wangu.

Kisukuti
Kwa hiyo siku sita mlikuwa mnapata mchuzi.

Mama Ngazi
Kuna watu hapa wamekaa kimya, nadhani ni wa bomba la mwisho.

Mchimba Mtaro (mleta uzi)
Jamani tusihame. Mlinzi, lilisafishwaje?

Mlinzi wa Tangi
Kamati ilitaka mnyama atolewe na klorini imwagwe juu ya maji yaleyale, eti lita 50,000 ni nyingi kumwaga. Haifai. Klorini inaishia kwenye mafuta na ute wa ukutani, vijidudu vinabaki.
Unafunga maji yanayokwenda kwa watu, unafungua washauti (bomba la chini la kumwagia maji ya tangi), maji yaende nchi kavu mbali na kijito. Mdomo wa tangi uachwe wazi saa kadhaa kabla mtu hajaingia. Aingie na kamba kiunoni, mwenzake juu, na jenereta isikaribie. Sugua kuta na sakafu kwa brashi ngumu na maji ya klorini, suuza, jaza. Dozi ni miligramu 50 kwa lita: lita 50,000 zinataka gramu 2,500 za klorini, yaani kilo 3.8 za unga wa asilimia 65. Uyeyushe kwanza kwenye ndoo za plastiki, nje, unga uingie kwenye maji na siyo maji kwenye unga. Fungua kila koki hadi harufu ifike, funga, acha saa 24. Kisha mwaga tena nchi kavu, maana kwenye kijito inaua samaki, jaza upya, na bomba la mwisho lisome klorini miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita ndipo watu wachote.

Mwana Urambo
Kisima kifupi hesabu ni hiyohiyo. Kipenyo mita 1.2, maji mita 3, ni kama lita 3,400. Gramu 260 za unga huo. Lakini kama choo kiko mita 12 toka kisimani unapoteza unga wako. Choo mita 30, na kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu juu ya usawa wa maji wa masika. Kwenye mbuga hupati hiyo, inua choo juu ya tuta.

Fundi Pembe
Na kisima kirefu kikitoa maji machafu baada ya mvua tu, usikilaumu chanzo. Mchimbaji hakumwaga saruji kuzunguka bomba la juu, mita 3 hadi 5 za mwanzo. Maji ya juu yanateleza pembeni ya bomba hadi chini.

Mvuvi wa Kibirizi
Na msiamini maji kwa kuwa yanang'aa. Kagunga mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni, ziwa lilikuwa linang'aa vilevile na kipindupindu kikapita. Ufukwe mmoja kuchota na kujisaidia, basi.

Binti Gungu
Chemsheni tu.

Kisukuti
Kuni ziko wapi? Kidonge cha kusafisha maji.

Mama Ngazi
Kidonge kwenye maji ya tope ni pesa kuitupa. Yatulize usiku, chuja kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, ndipo uweke kidonge na usubiri nusu saa.

Mchimba Mtaro (mleta uzi)
Swali la mwisho kwa Mlinzi: mfuniko mpya ukitiwa kofuli, ufunguo anakaa nao nani?

Mlinzi wa Tangi
Funguo mbili. Mmoja kwa fundi wa pampu, mwingine kwa mhazini wa kamati.

Binti Gungu
Mhazini wetu ndiye mwenye ng'ombe mia mbili.

Mzee wa Zizi
Nipo, nasoma.

Binti Gungu
Shikamoo, mzee.