Floraidi kisimani: mkaa wa mifupa, shabu, au kitosani?

MkulimaMeru: Wakuu, habari za jioni. Kisima chetu huku Maji ya Chai, Arusha, kimepimwa, floraidi miligramu 6 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 1.5. Wanangu wawili meno yameshakuwa ya kahawia, wa tatu ndiyo kwanza anaota. Kuna jamaa ananiuzia kitosani ya maganda ya kamba wa baharini, eti inasafisha kila kitu. Nilinganishieni na mkaa wa mifupa na shabu kabla sijatoa hela.

FundiChujio: "Kila kitu" hapo unapigwa, mkuu. Kitosani tupu inanasa metali kama risasi na shaba vizuri sana. Floraidi si metali, ina chaji hasi, kwa hiyo kitosani inatakiwa iwe na chaji chanya ndipo iivute, na chaji hiyo inapatikana maji yakiwa na asidi kidogo. Maji ya huko yana magadi, ambayo ni kinyume cha asidi, chaji inakufa.

Mwanamaabara: Ndiyo maana huwa inaboreshwa. Chuoni tulikuwa tunayeyusha unga wake kwenye asidi ya siki, tunaudondosha kwa sindano ndani ya maji ya kostiki soda. Kila tone linaganda hapo hapo, punje nyeupe inayoteleza kama yai la samaki. Tunaziunga kwa dawa iitwayo glutaraldehidi zisiyeyuke tena, halafu tunaziloweka kwenye chumvi ya metali iitwayo lanthanamu. Lanthanamu ndiyo inayoshika floraidi. Inafanya kazi kweli, ila dawa zote hizo tuliagiza, na glutaraldehidi ni sumu, usizioshe punje kizembe. Muulize huyo jamaa yake ameitia metali gani. Akibabaika, achana naye.

MamaNeema: Mimi natumia shabu na chokaa. Nakoroga ndoo, naacha yatulie, nachota ya juu. Rahisi, lakini tope ni jingi, na kwa 6 utatia shabu nyingi mpaka maji yakwaruze ulimi.

FundiChujio: Kwa nyumbani bado nasimama na mkaa wa mifupa, yaani mifupa iliyochomwa, unachujia maji humo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Shida ni uchomaji: hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi. Usipoiva, maji yananuka mzoga. Ukiungua ukawa mweupe, nguvu imepungua. Na ukichoka haukwambii, maji yanabaki meupe vile vile, kwa hiyo pimisha mara kwa mara.

MkulimaMeru: Mifupa ya nguruwe haimo? Mama watoto ni Muislamu.

FundiChujio: Kawaida ni ya ng'ombe, ila muulize aliyechoma. Kitosani yako ingepita hapo, hilo nakubali 😀 Na maji ya kufulia usichuje, utamaliza mkaa bure. Ya kunywa na kupikia tu.

MamaNeema: Kaka, jikoni mnatumia magadi? Nayo yana floraidi.

MkulimaMeru: Makande kila Jumamosi, dada. Duh.