Naomba ushauri: rangi ya poda ya embosi inabanduka kwenye kadi

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wanaotengeneza kadi kwa mkono. Nina oda ya kadi 60 za harusi na bibi harusi anataka maandishi ya kuinuka rangi ya zambarau iliyofifia, sasa dukani napata dhahabu, silva na nyeupe tu, nikaamua nichanganye mwenyewe. Nimechukua poda ya embosi (ule unga unaonyunyizia kwenye wino mbichi wa muhuri, ukipata joto unayeyuka na maandishi yanainuka) isiyo na rangi vijiko 4 nikatia kijiko 1 cha unga wa maika, ule wa kung'aa wanaotumia kwenye resini. Nikigonga muhuri na kupitisha hewa ya moto rangi inatoka nzuri kabisa ila haiyeyuki vizuri, inabaki kama mchanga na ukipitisha kidole inabanduka. Nikapunguza maika mpaka nusu kijiko, ikayeyuka safi, lakini kwenye kadi ya krimu rangi haionekani. Moto nimeongeza, nikaishia kukunja karatasi (na kuunguza kidole 😅).

Je, mnachanganya kwa kipimo gani? Na nikianzia na poda nyeupe badala ya isiyo na rangi, itakubali au itatoka madoadoa?