Kazi za muda chuoni: apewe mwenye shida au mwenye alama?

Wakuu, hoja yangu ni hii: kazi za muda ndani ya chuo apewe kwanza mwanafunzi asiye na pesa, na sharti la alama liondolewe kwenye kazi zisizolihitaji. Kukaa kaunta ya maktaba, kuingiza data, kupokea simu, kuwatembeza wageni: ni ipi hapo inayotaka ufaulu wa daraja la kwanza? Hata hivyo tangazo litakuja na "awe na wastani mzuri wa alama". Wa nini?

Sharti hilo linamkata yuleyule anayeihitaji kazi. Asiye na ada hukesha kwenye vibarua vya nje, kwa bosi asiyejua wiki ya mitihani ni kitu gani. Darasani anasinzia, alama zinashuka. Akija kuomba kazi ya chuoni, ambayo ingemwokolea usingizi na nauli, anaambiwa alama hazitoshi. Wanaoipata ni wale ambao wangeishi vizuri tu bila hiyo, wanataka cha kuandika kwenye wasifu.

Wala sizungumzii ndoto. Marekani wana mpango wa serikali tangu 1964 unaochangia mshahara wa mwanafunzi mwenye uhitaji, kwa kawaida hadi asilimia 75, na mwajiri anamalizia. Una kasoro yake: kuidhinishwa si kupata kazi. Mwanafunzi anabaki kutafuta mwenyewe, na hapo ndipo kujuana kunapopenya, huko na kwingineko. Msimamizi anamuuliza anayehitimu, "huna rafiki wa kushika nafasi yako?" na mambo yameisha, ubao wa matangazo haujaguswa. Kwa hiyo naongeza: kila nafasi itangazwe, hata iwe ya saa nne kwa wiki.

(Anayetafuta sasa hivi asisubiri tupatane hapa. Apite idara kwa idara kabla muhula haujaanza, mkononi ana ratiba yake ya vipindi. Msimamizi anataka kujua upo huru saa ngapi kabla hata ya kukuuliza jina.)

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Nasimamia maabara. Mtu akikosea kubandika lebo kwenye sampuli, kazi ya wiki nzima ya mtafiti imekwenda na maji. Huruma nzuri, lakini si kwenye meza yangu.

Mleta mada: Hapo sina ugomvi, mkuu. Maabara, kusahihisha mazoezi, kuwafundisha wenzao, pimeni ujuzi. Ujuzi wa kazi hiyo, lakini, si wastani wa masomo yote. Aliyeanguka historia anaweza kuwa na mkono mtulivu kuliko wote hapo kwako.

Mchangiaji wa pili: Mnagombania nani apewe, hakuna anayeuliza saa ngapi. Ulaya mwaka mmoja wa masomo hukadiriwa krediti 60, kila krediti (kipimo cha mzigo wa masomo) saa 25 hadi 30 za kusoma. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800. Zigawe kwa wiki 40, unapata kama saa 40 kwa wiki za kusoma tu. Ongeza saa 20, kiwango ambacho Marekani huwawekea wanafunzi wa kigeni wakati wa muhula, wiki imekuwa ya saa 60. Na nani atazichukua zote 20? Huyohuyo maskini wako. Mwenzake anasoma, yeye yuko kaunta, halafu mnawapa mtihani mmoja. Kama chuo kinamjali, kimpe ruzuku.

Mleta mada: Ruzuku ikiwepo, hata mimi nitapanga foleni. Lakini ninayemtetea hachagui kati ya kaunta na ruzuku. Anachagua kati ya kaunta na zamu ya usiku mjini. Tuweke ukomo wa saa 12 kwa wiki, na wiki za mitihani asipangiwe zamu kabisa.

Mchangiaji wa tatu: Saa 12 kwa malipo ya chuo? Mmeshawahi kuona kinavyolipa? Atachukua hizo 12, hazitatosha, na zamu ya usiku ataendelea nayo. Mtakuwa mmempa kazi mbili. Kabla ya ukomo wa saa, zungumzeni kwanza malipo ya saa moja.