Naombeni ushauri: nimealikwa harambee ya jaji huku Texas, niende?

Mnazi Mkinda
Wakuu, habari za majukumu. Niko Texas, uraia ninao, lakini kura napiga ya rais tu. Kule chini kwa majaji naacha wazi, majina utitiri na simjui hata mmoja. Sasa shemeji kanialika harambee ya jaji wa mahakama ya wilaya anayegombea Novemba. Hana hata miaka miwili kitini. Meza yetu kila mtu dola 500. Mimi nimezoea ya nyumbani, Tume ya Utumishi wa Mahakama inashauri, Rais anateua, yameisha. Jaji kuchangiwa kama mbunge ni halali kweli? Usingizi sipati.

Kibatari77
Halali. Texas majaji wanagombea kwa tiketi ya chama kabisa, muhula miaka minne. Wachangiaji wakubwa ni mawakili. Jina lako na kiasi vinaingia kwenye ripoti ya kampeni, yeyote anaisoma mtandaoni.

Mama Junior KC
Huku Kansas City, Missouri, hatuna hayo. Tume inampelekea gavana majina matatu, anachagua mmoja, akishakaa kama mwaka hivi tunaulizwa kwenye karatasi ya kura: abaki, asibaki? Mpango wa tangu 1940 huo. Ila si jimbo zima, kaunti nyingi za mashambani wanagombea kwa vyama kama nyie. Mimi wote nawapa Ndiyo. Mume wangu wote anawapa Hapana, anasema wazoee kutetemeka.

Mkalenjin Asilia
Kwetu Kenya JSC, tume ya utumishi wa mahakama, inawahoji wanaotaka ujaji kwenye runinga mchana kweupe. Na bado mwaka 2021 Uhuru aliwakalia majaji sita kati ya 40 waliopendekezwa, hadi Ruto alipoingia 2022 ndipo wakaapishwa. Kila soko na wendawazimu wake.

Wakili Kivuli
Mleta uzi, una kesi mahakamani?

Mnazi Mkinda
Hilo linahusiana vipi na nilichouliza?

Wakili Kivuli
Unayo au huna?

Mnazi Mkinda
Ninayo. Ya malezi ya mtoto, mimi na mama yake. Iko kwa jaji huyohuyo. Lakini sikumchagua, kesi zinagawiwa na kompyuta. Na wakili wa mzazi mwenzangu ameshamchangia, nimeliona jina lake kwenye ripoti. Mimi nikikaa kimya si ndiyo nitaonekana adui? Nilikuwa nawaza cheki iandikwe kwa jina la mdogo wangu, basi, nani atajua.

Wakili Kivuli
La mdogo wako usithubutu. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa Texas. Kwa jina lako si kosa, ila upande wa mzazi mwenzako wataichapa hiyo ripoti na kuomba jaji ajitoe. Kwa kawaida mchango peke yake haumng'oi jaji kwenye kesi. Ile kesi ya West Virginia, 2009, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jaji alipaswa kukaa pembeni kwa sababu bosi wa makaa ya mawe alimwaga dola milioni 3 kumwingiza kitini. Wewe na 500 zako unanunua maneno tu. Muulize wakili wako.

Mnazi Mkinda
Wakili wangu ndiye mwandaaji mwenza wa hafla. Shemeji ndiye aliyenipeleka kwake.

Kibatari77
Hahaha, hii familia!

Mja wa Mola
Mnabishana vifungu. Rudianeni mlee mtoto. Rushwa ni rushwa hata ikiandikiwa risiti.

Ngedere Mzee
Chai hii, tena ya tangawizi. Muhula miaka minne, jaji ana chini ya miwili, anagombea nini?

Wakili Kivuli
Hapo hajakosea. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula gavana anateua, na aliyeteuliwa anasimama uchaguzi mkuu unaofuata.

Ngedere Mzee
Sawa. Kwa hiyo kateuliwa na gavana Abbott. Mleta uzi, ni Republican?

Mnazi Mkinda
Ndiyo. Ndiyo maana shemeji ana haraka. Upepo ukigeuka majaji wanasombwa na chama chao, wazuri kwa wabovu. Majaji wa Republican Houston 2018 hamkuona?

Kibatari77
Enzi zile ulibonyeza chama mara moja, umemaliza. Tangu 2020 imefutwa, unapitia mmoja mmoja hadi kidole kinauma.

Ngedere Mzee
Subirini. Asubuhi jaji hamjui hata mmoja. Sasa hivi kasoma ripoti za michango na ya Houston 2018 anayo kichwani. Anayeandika ni wewe au ni shemeji anapima upepo wa Waswahili?

Mnazi Mkinda
Ungekuwa na kesi ya mtoto ungesoma hadi maandishi ya kwenye risiti, ndugu. Hafla ni Alhamisi. Na sijasema nimeamua, cheki nimeiandika kiasi tu, sijasaini.

Wakili Kivuli
Tafuta wakili mwingine kabla ya Alhamisi.

Mtoto wa Ilala
Mimi niko Dallas. Kwa 500 hiyo kuna pilau, au ni yale majani yao?