Doto yuko Kisumu, njiani kwa baiskeli kutoka Mwanza kwenda Kampala; leo hakanyagi

*Kikundi: Ukoo wetu Kirumba*

Mama Kulwa: Doto mwanangu, umeamkaje? Kimya tangu jana jioni.

Doto: Shikamoo mama, shikamooni wote. Nimeamka salama, niko Kisumu. Leo sikanyagi, napumzika. Kesho naelekea Busia.

Mama Kulwa: Marahaba baba. Mungu ashukuriwe. Umekula?

Doto: Chai na chapati, na matobolwa yako, vile viazi vitamu vikavu, nimeyamaliza. Kutoka Kendu Bay mpaka Ahero sikuwa na kitu kingine mfukoni, ndiyo yaliyonifikisha.

Baba Mkubwa Magu: Marahaba. Lakini Doto, Kampala bado iko mbali. Si ungesogea walau mpaka Maseno? Kukaa gesti ni hela inatoka tu.

Doto: Nimelifikiria baba mkubwa. Ila jana pale Ahero kwenye mashamba ya mpunga miguu iligoma. Hakuna kilima, hakuna upepo. Gia ninayopandia mlima wa Bugando ndiyo niliyokuwa nakanyagia kwenye tambarare. Nikaona hapa nikilazimisha sifiki Uganda.

Shangazi Nesi: Kafanya sawa, muacheni. Msuli ukitumika mfululizo unachanika kidogo kidogo, na unajiponya mtu akiwa amelala. Barabarani hauponi. Halafu ile akiba ya nguvu iliyomo kwenye misuli ikiisha, mlo mmoja wa usiku hauirudishi. Doto kula ugali, wali, viazi, na maji unywe hata kama huna kiu. Sehemu ya kukalia ikoje? Sema ukweli.

Doto: Imechubuka kidogo shangazi. Haijawa kidonda.

Shangazi Nesi: Osha kwa sabuni, kausha, vaa nguo pana ya pamba kutwa nzima. Kesho ukiikalia ikiwa mbichi utapata jipu, na hapo safari imeisha.

Kulwa: Pacha, usiondoke hujaona Kit Mikayi! Mawe yamebebana kwenda juu, na sisi ni watu wa mawe. Ni kama kilomita 30 tu, njia ya Bondo.

Shangazi Nesi: Kulwa, 30 kwenda na 30 kurudi ni mapumziko gani?

Kulwa: Apande matatu basi.

Doto: Baiskeli yenyewe iko kwa fundi huku Kibuye. Leo Jumapili soko limefurika mpaka barabarani. Spoku ya nyuma ilikatika Rongo, nikaja nayo gurudumu likiyumba. Nimekaa na huyu fundi asubuhi yote. Kaipindua baiskeli, kashika chaki karibu na rimu, kazungusha. Chaki inapogusa ndipo palipopinda. Anakaza spoku ya upande wa pili robo mzunguko, analegeza ya upande huu wa chaki, anazungusha tena. Mpaka chaki ikawa haigusi popote. Cheni kaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, umetoka uchafu mweusi tii. Raba za breki za mbele kaweka mpya. Yote haya ningeyafanya saa ngapi nikiwa njiani?

Baba Mkubwa Magu: Breki hapo umenena.

Babu: Mjukuu wangu, teremka bandarini. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapo 1901, wakaita Port Florence. Ya kwetu Mwanza ilifika 1928. Meli zetu zilikuwa zinabeba mabehewa mazima ya treni, MV Umoja ya kwetu na MV Uhuru ya kwao. Pacha kama ninyi wawili.

Doto: Shikamoo babu. Bandarini nitafika, ni kutembea taratibu tu. Kulwa, Kit Mikayi naiacha. Nikianza kuzunguka kila mahali leo, kesho nitapanda baiskeli nimechoka kuliko jana. Tutakuja wote wawili.

Kulwa: Sawa. Ila umeahidi mbele ya ukoo.

Doto: Mchana nakula kule ufukwe wa Dunga. Jana jioni nilipita pale, mama mmoja mkaanga samaki kaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mwanza, Kirumba. Kumbe Mwaloni anapajua, amewahi kununua dagaa pale! Akanivutia kiti, tukaongea mpaka giza likaingia. Siku zote hizi watu wananipungia mkono tu nikipita, wa kukaa naye sikupata.

Mama Kulwa: Mpe salamu zangu huyo mama.

Shangazi Nesi: Dunga usiingie majini. Kichocho kipo huko kama huku, na viboko wapo.

Doto: Siingii shangazi. Magugu maji yenyewe yamejaa ufukweni.

Baba Mkubwa Magu: Haya, nimekuelewa. Kesho toka saa kumi na moja alfajiri, ule mlima wa Maseno uupande jua halijawaka. Malori ya Busia ni mengi, yakija nyuma yako toka pembeni kabisa, usibishane nayo.

Babu: Na hapo Maseno ndipo ikweta inapopita. Piga picha.

Doto: Nitapiga babu. Fundi kasema baiskeli niifuate saa kumi.

Mama Kulwa: Ule kwanza.